Kivuli cha Fundi Vioo

Mama yule aliingia bila hodi, viatu mkononi, wakati wote ofisini wameinamia skrini zao. Lifti ilikuwa imegoma, kwa hiyo alikuwa amepanda ngazi mpaka juu kabisa, na kifua kilikuwa kikimpanda na kushuka. Nyuma yake akatokea mlinzi wa getini, naye hoi, kofia imemwendea upande.

"Nilimwambia asubiri chini," mlinzi akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. "Nimegeuka kidogo tu kupokea simu, nageuka tena, mama kayeyuka."

Mama hakumjali. Alivaa viatu vyake taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyefika kwa jamaa zake, akazitazama picha za majengo zilizobandikwa ukutani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Nani kati yenu amemweka mwanangu kwenye bango?"

Ofisi haikuwa kubwa. Bosi wao, ambaye kila mtu alimwita Msanifu, alikuwa nyuma ya mlango wake wa kioo, anaongea na simu. Huku nje walikaa wachoraji wake wawili. Mmoja alikuwa Bwana Kioo, mkongwe wa kazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila jengo lililopita mikononi mwake lilitoka limevaa vioo toka utosini mpaka kwenye kisigino. Ukimpa banda la kuku, walisema, atalivisha vioo. Mwingine alikuwa binti mdogo aliyemaliza chuo juzijuzi tu. Huyo walimwita Digrii, kwa kuwa siku ya kwanza kazini aliitaja shahada yake mara mbili kabla ya chai.

"Mama, hapa umepotea," Bwana Kioo akasema. "Sisi tunaweka nguzo na madirisha. Watoto wa watu hatuweki."

"Mmemweka. Pale kwenye uzio wa mabati, kwenye picha ya lile ghorofa lenu linalokuja. Ana begi begani, anatembea."

Digrii akainua uso kutoka kwenye skrini yake. Kuweka watu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Picha ya jengo ambalo halijajengwa ina tabia ya kufanana na kaburi zuri. Kuta zipo, anga ipo, lakini hakuna uhai. Basi mchoraji hupanda miti, halafu hupanda watu. Ndivyo walivyosema pale ofisini: "Umeshapanda watu?" "Bado, ndiyo kwanza namaliza miti." Watu hao hutoka kwenye stoo ya kompyuta, wamekatwa kwenye picha za miji ya mbali. Digrii alikuwa anawafahamu kama majirani. Kulikuwa na bwana mrefu mwenye kikombe cha kahawa, na bibiye wa koti jekundu. Alikuwa amewaona mbele ya makumbusho ya bara moja, wakakatiza uwanja wa ndege wa bara jingine, wakaibukia kwenye hospitali jangwani, hawazeeki, hawachoki, kikombe hakiishi kahawa. Na majengo yenyewe yalikuwa vivyo hivyo. Mnara uliojipinda kama nguo inayokamuliwa ungeweza kung'olewa mji huu ukachomekwa mji ule, na asubuhi watu wangepita chini yake bila kuuliza kitu.

Alikuwa ametoka chuoni na imani moja: jengo linapaswa kujua liko wapi. Imani hiyo ilipokosa pa kwenda, aliipeleka kwa watu. Alichukua simu yake, akashuka hadi mtaa ambako mnara wao mpya ungesimama, akawaomba wapita njia ruhusa, akawapiga picha. Akawakata, akawapanda. Bwana Kioo alipowaona alicheka mpaka akakohoa. "Unawapanda mbele ya jengo ambalo mlinzi wake hatawaruhusu hata kuegemea ukuta." Digrii alidhani ni utani. Mwezi uliofuata matingatinga yalikuja, mtaa ukafagiwa, ukazungushiwa mabati, na juu ya mabati likatundikwa bango. Watu wa mtaa ule wakabaki wakitembea kwenye picha ya kitu kilichowafukuza.

"Shati la bluu?" Digrii akauliza. "Begi la vifaa?"

"Huyo huyo."

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyemweka. Karibu ukae." Akampisha kiti chake. "Hajambo lakini?"

Alijua jibu kabla neno halijamtoka mdomoni.

"Alianguka, kabla hatujabomolewa," mama akasema. "Alikuwa fundi vioo. Walikuwa wanafunga vioo kwenye lile jengo linalong'aa jirani na benki. Kamba." Aliliacha neno hilo hapo hapo, hakuliongezea kitu. Mlinzi akavua kofia.

Kisha mama akaeleza kilichomleta, bila machozi, kama aliyekuwa amejipanga njiani. Siku ya kubomolewa hawakuwahi kutoa vitu vyote. Picha ya mwanawe aliyobaki nayo ni ya kitambulisho, kichwa na mabega tu, macho kayatoa kama mwizi. Sasa wanaishi mbali, mwisho wa barabara. Siku moja alikuja mjini, akapita pale kwenye mabati, akamwona mwanawe mzimamzima, anatembea. Alishukuru sana. Tangu hapo kila akija mjini hukaa naye kidogo. Mpaka jirani mmoja wa zamani alipoinua kidole.

"Akaniambia, tazama wenzake. Wote wana vivuli. Yeye hana. Nikatazama, kweli hana. Sasa maneno yamezagaa. Wengine wanasema mlimpiga picha keshakufa. Wengine wanasema mlimwona tangu mapema kuwa ni mtu wa kufa. Mimi sijasema hivyo, binti yangu. Mimi nimekuja kuuliza."

Digrii akainama mbele ya kompyuta, akaifungua picha ya bango, akaivuta karibu. Bibi na mjukuu wake, kivuli. Muuza magazeti, kivuli. Fundi vioo alikuwa ameinua mguu, kisigino kimegusa sakafu ya mawe, na chini yake palikuwa peupe, pametakata kabisa.

"Nilisahau," akasema. "Mama, nisamehe. Ukimkata mtu kwenye picha, kivuli chake unakiacha huko huko, kwa sababu ni cha jua jingine. Halafu unamtengenezea kipya kinacholingana na jua la picha yako. Kila mtu nilimtengenezea. Yeye nikamruka. Ni usahaulifu wangu tu, hakuna kingine. Alikuwa mzima kabisa siku ile. Alinitania hata."

"Alikutania nini?"

"Alisema, 'Nipige vizuri dada, nitoke kama mwenye nyumba.'"

Mama akacheka, cheko fupi la ghafla, akajifunika mdomo kwa kiganja. "Ndiye," akasema nyuma ya vidole. "Ndiye huyo, mpenda makuu. Ndiye." Na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Digrii alimchapia picha ya mwanawe peke yake, kwa karatasi nzuri. Ile ya awali, aliyompiga mtaani, ilikuwa imepotea na simu yake ya zamani. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaikunja mara moja, akaitia kwenye mkoba. Hakusimama.

"Hii nitaiweka nyumbani. Lakini kule nyumbani yeye hakujui, hajalala hata usiku mmoja. Pale kwenye mabati ndipo nilipomzaa. Mlango wetu ulikuwa pale pale anapokanyaga. Mpe kivuli chake, binti yangu. Watu wapite, watazame, wanyamaze."

"Linatengenezwa bango jipya," Digrii akasema. "Lile limepauka. Kwenye bango jipya atakuwa na kivuli. Nakuahidi, mama."

Mama akamshika mkono, akaushika kwa muda, akashuka ngazi zake.

"Digrii," Bwana Kioo akasema mlango ulipofungwa, "wewe umesoma mpaka umepitiliza. Unaahidi bango la mtu mwingine?"

"Ni kivuli tu, kaka. Ni kazi ya dakika."

"Hata kuanguka ni kazi ya dakika," akajibu, akarudi kwenye vioo vyake.

Msanifu aliwaita baada ya chakula cha mchana. Umeme ulikuwa umekatika na madirisha ya jengo lile hayakuumbwa kufunguka, kwa hiyo walikaa kwenye chumba chake kama mikate kwenye tanuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na siku hiyo hakuwa akiwatazama machoni.

"Mwenye mradi ameleta michoro mipya," akasema.

"Ameajiri wengine?" Bwana Kioo akauliza.

"Hajaajiri mtu. Amenunua mtambo. Unauandikia maneno: mnara, vioo, bustani juu ya paa. Chai yako haijapoa, umeshapewa minara ya kujaza kitabu. Unachagua." Akawageuzia kompyuta yake ndogo, iliyokuwa ikimalizia chaji.

Walitazama. Ilikuwa mizuri. Hilo ndilo lililouma. Digrii alitafuta kosa na hakuliona. Aliona tu kwamba kila mnara alikuwa ameshauona mahali, nusu yake huku, robo yake kule, kama sura za watoto waliochanganya damu za ukoo mzima wa dunia.

"Nilipokuwa kijana," Msanifu akasema, "nilijinyima nikasafiri kwenda kuona majengo ya watu. Nilisimama chini ya ukuta fulani wa matofali nikalia, mwanaume mzima. Aliyeujenga alijua jioni jua lingeupiga vipi. Sasa mtambo umeyala yote hayo na unayatapika yamechanganyika. Na yatajengwa, msidhani hayatajengwa. Yatachorwa na asiyeyaona, yatanunuliwa na wasiokuja kuyaishi. Ile minara mingine iliyokwisha kujengwa, mnaijua? Taa zinawashwa zenyewe usiku ili ionekane ina watu."

"Na sisi?" Bwana Kioo akauliza.

Msanifu akajipangusa jasho. "Mwenye mradi atamlipa mtu mmoja hapa. Wa kuulisha mtambo maneno na kupeleka picha kwa watu wa mabango. Nimemtaja Digrii. Ni mdogo, atajifunza haraka." Sasa ndipo alipomtazama Bwana Kioo. "Ndugu yangu, nisamehe."

Bwana Kioo akasema, "Nimevalisha vioo mji mzima. Sasa naona nitapata nafasi ya kuvitazama kwa nje." Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea wacheke.

"Kuna sharti moja," Msanifu akamwambia Digrii. "Picha inakwenda kama mtambo ulivyoitoa. Usiguse hata unyasi. Mwenye mradi amesema wazi: hataki tena wale watu wa mtaani. Anataka wanaofanana na wanunuzi."

Digrii akaisogelea picha ya bango jipya. Mbele ya mnara walitembea watu wa mtambo. Ngozi laini, mashati yasiyo na kunyanzi. Ukiwatazama kwa muda unagundua hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Lakini vivuli vyao vilionekana sahihi, kila kimoja kimelala panapostahili. Watu ambao hawakuwahi kuzaliwa walikuwa na vivuli.

Jioni alipitia mtaa ule, ingawa haukuwa njia yake. Alitaka kumwambia mama ukweli kabla haujamfikia kwa mdomo mwingine. Alimkuta ameketi juu ya tofali chini ya bango, mgongo kwenye mabati, miguu ameinyoosha kama yuko barazani kwake. Alikuwa na mwanamke anayeuza maji.

"Si nilikwambia?" mama akasema alipomwona. "Huyu hapa. Huyu ndiye binti atakayempa mwanangu kivuli."

"Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?" Muuza maji akamkagua juu mpaka chini. "Kama kweli, basi nitafunga mdomo wangu. Maana mimi ndiye niliyeanza kusema, sifichi. Nilisema kampuni ilimtoa kafara."

"Bango litapandishwa lini?" mama akauliza.

Maneno yote aliyoyapanga Digrii yakamkauka. "Karibuni," akasema. "Wiki hii hii."

Alikuwa akilala kwenye sebule ya dada yake, kwenye kochi lililomzidi umri, pazia likimtenga na meza ya chakula. Dada alikuwa mjamzito na alipiga kigelegele aliposikia habari za kazi.

"Wamekubakiza wewe! Sasa utapanga chumba chako, mtoto apate pa kulala. Shemeji yako hasemi kitu, lakini nami nina macho."

Digrii akamsimulia habari za mama. Dada alimsikiliza huku akikunja nguo ndogo za mtoto, akizipangusa kwa kiganja.

"Huyo mama ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Basi mhurumie. Mpe pole. Mpe hata nauli. Kazi usimpe."

"Ni kivuli, dada."

"Ndiyo maana nashangaa. Ingekuwa damu ningeelewa. Unataka kuacha mshahara kwa ajili ya kitu ambacho ukiwasha taa hakipo?" Aliacha kukunja. Sauti ikashuka. "Mdogo wangu, mimi nimechoka. Si wewe uliyenichosha. Lakini nimechoka."

Digrii akamsaidia kukunja nguo zilizobaki. Usiku alisikia dada na shemeji wakinong'ona, akajua wanapanga pa kuweka kitanda cha mtoto.

Asubuhi alijaribu njia iliyonyooka. Aliingia kwa Msanifu akamweleza kila kitu, tangu viatu mkononi mpaka muuza maji. Msanifu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka nimpigie mwenye mradi nimwambie kuna marehemu kwenye bango lake, na kwamba watu wanasema ni kafara? Unajua atakachosikia? Atasikia neno moja tu, na si huruma." Akairudisha miwani. "Mimi pia nimewahi kuahidi watu. Niliwaambia wa mtaa ule watapata duka chini ya mnara. Nilikuwa nimelichora, lipo kwenye mchoro wa kwanza. Halipo tena. Utazoea."

Neno hilo la mwisho, alilolisema kwa upole kabisa, ndilo lililomtisha Digrii kuliko yote. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa akitazama mikono yake. Alijiona ana mvi za mapema, amekaa nyuma ya mlango wa kioo, akimwambia binti wa watu kwamba atazoea.

Akafungua picha ya mtambo.

Fundi vioo alikuwa bado kwenye stoo, shati lake la bluu lina kunyanzi mgongoni alipokuwa ameegemeza begi. Kwa vipimo vya mtaa wa zamani alipata mahali mlango wa mama ulipokuwa, akampanda hapo, kati ya bibiye wa mtambo na bwana wa mtambo. Kisha akaanza kivuli. Unachukua umbo la mtu mwenyewe, unalilaza chini, unalitia weusi, unalivuta upande usio na jua, halafu ncha yake ya mbali unailegeza kidogo, kwa sababu kivuli kinavyokwenda mbali na mwenyewe ndivyo kinavyokosa uhakika. Ilikuwa kazi ya dakika. Yeye aliifanya kwa asubuhi nzima, akifuta, akirudia.

Bwana Kioo alikuwa anafungasha vitu vyake kwenye boksi: rula, kikombe, kalenda iliyopitwa na wakati. Alisimama nyuma yake na boksi mkononi.

"Jua lako liko juu mno," akasema.

Digrii akashtuka. "Umeniona?"

"Kila mtu atakuona, kivuli chako kifupi. Tazama cha yule bibiye, kimelala zaidi. Shusha jua. Shusha tena. Digrii chache zaidi."

"Usinitaje bure."

"Hapo. Sasa pale kinapogusa ngazi, kivunje. Hapo kikunje, kiinuke na ngazi. Watu wa mtambo wao wamepanda ngazi na vivuli vyao vimenyooka, umeona? Mtambo haujui hilo." Alihamisha boksi mkono wa pili. "Nakuuliza kama kaka. Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Sawa. Basi mimi sikupita hapa." Akaenda kuagana na mlinzi.

Digrii akaituma picha kwa watu wa mabango kabla moyo haujageuka.

Bango lilipandishwa siku mbili baadaye, alfajiri, kabla magari hayajajaa. Hakwenda kulitazama, alikuwa kazini anaulisha mtambo maneno. Kabla ya chai Msanifu alimwita. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwake.

"Mwenye mradi amepiga simu. Anasema kuna mtu kwenye bango lake ana shati lililokunjamana."

Digrii akaufunga mlango nyuma yake.

"Nimemwambia ni hitilafu ya mtambo. Hakukubali. Anasema mtambo wake haujui kukunjamanisha shati." Akageuka. Alionekana kama mtu ambaye hakulala. "Sema ulisahau. Sema ulifungua faili la zamani, yakachanganyika. Nitakwenda nalo hilo, nitakutetea, nadhani litapita. Sema hivyo tu."

Digrii akamfikiria dada yake, na nguo zile ndogo. Neno lilikuwa jepesi na lilikuwa ulimini. Lakini aliona mama akilisikia, siku moja, kwa mtu yeyote: kwamba mwanawe alirudi pale kwa bahati mbaya.

"Nilisahau mara ya kwanza," akasema. "Mara hii sikusahau."

Msanifu alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama anayekubaliana na jambo asilolitaka. Akanyoosha mkono, na Digrii akampa ufunguo wa ofisi.

"Na bango?" Digrii akauliza mlangoni.

"Wameshatuma mtu akamfunike. Watabandika mti."

Alishuka ngazi mbio, akampita mlinzi bila kuaga. Jua lilikuwa limeshapanda na mabati yalikuwa yanachoma. Alifika akihema. Mtu wa mabango alikuwa juu ya ngazi yake ya aluminiamu, anasugua kwa kitambaa pembe za picha ya mti ya kubandika, mti mzuri wa kijani usio na jina, wenye shina pana la kumtosha mtu. Fundi vioo hakuwepo.

Mama alikuwa amesimama chini, muuza maji kando yake. Digrii akasimama kando yao.

"Nilikuja mapema," mama akasema bila kumgeukia. "Nilimkuta. Tulikaa naye mpaka jua lilipotoka." Akaweka kiganja juu ya macho. "Kirefu. Kimefika mpaka kwenye ngazi."

Digrii akainua macho. Mti ulikuwa umemmeza mtu mzima, kiatu na begi na shati. Lakini chini, juu ya mawe ya sakafu, kivuli kilikuwa bado kimelala pale alipokilaza: mabega, begi, mguu ulioinuliwa, kikapanda ngazi kikavunjika kama kinavyopaswa. Kivuli cha mtu chini ya mti.

Mtu wa mabango alishuka, akarudi nyuma hatua moja kutazama kazi yake, akakunja uso. Alikuwa bado na kipande cha karatasi ya gundi mkononi.

"Na hiki?" akauliza, akielekeza kidole. Aliuliza hewani, lakini macho yake yalimwangukia Digrii, kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa kama mtu wa ofisini. "Hiki nacho nikifunike?"

Muuza maji akafungua mdomo, akaufunga. Mama hakusogea.

"Walikwambia ufunike nini?" Digrii akauliza.

"Mtu."

"Neno la kivuli walisema?"

Akafikiri. "Hawakusema."

"Basi umemaliza kazi, kaka."

Mtu wa mabango akatazama kivuli, akamtazama mama, akakitazama tena. Kisha akaitia gundi yake mfukoni, akakunja ngazi, akaibeba begani, akaondoka nayo kando ya mabati.